Anayepigwa akiwa amelala barabarani anahesabiwa na nani? (Uzi mrefu, kaa vizuri)

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Baltimore, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Nalinda jengo la kuegesha magari katikati ya mji, naingia saa nne usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nyuma ya jengo kuna wavu wa chuma unaotoa mvuke wa moto kutoka chini ya ardhi. Kipindi cha baridi hapo hulala watu watatu, wanne. Mmoja tumezoeana. Ananizidi umri kwa mbali, nikipata chai namgawia, akiamka mapema ananiamkia kwa Kiswahili nilichomfundisha: "Habari ya kazi." Basi.

Baridi iliyopita nilimkuta amefunga kichwa kwa fulana, imelowa damu. Vijana walishuka kwenye gari, wakampiga mateke akiwa ndani ya blanketi, mmoja anarekodi kwa simu, wengine wanacheka, kisha wakaondoka zao. Hawakuchukua kitu. Alikuwa na dola kumi na saba ndani ya soksi na asubuhi zilikuwa pale pale.

Nikaita polisi. Alikuja kijana mstaarabu tu, akauliza, akaandika. Nilipochungulia alichoandika nikaona neno la Kiingereza lenye maana ya ugomvi. Wakuu, mtu amelala, anagombana na nani?

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma sana habari hii, na leo nimeona nilete hapa.

Kwanza hali ya sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayoiagiza serikali kukusanya takwimu za uhalifu wa chuki. Ilianza na rangi, dini, asili na mwelekeo wa kijinsia. Ulemavu ukaongezwa 1994. Mwaka 2009 ikaja jinsia. Kila mwaka FBI hutoa ripoti. Asiye na makazi hamo kwenye orodha. Mbunge wa Texas, Eddie Bernice Johnson, alipeleka muswada wa kumuongeza zaidi ya mara moja, na Septemba 2010 kamati ndogo ya Seneti ikakaa kusikiliza mashahidi. Muswada haukupita.

Ikabidi watu baki wahesabu. Kuna shirika la Washington, National Coalition for the Homeless, lilianza kuhesabu 1999. Namna yao ni ya kawaida kabisa: wanakata habari za magazeti, wanapokea simu kutoka mabweni ya wasio na makazi, wanawasikiliza wenyewe waliopigwa. Halafu wanachuja. Mtu wa mtaani akimpiga mwenzake wa mtaani, hawaihesabu. Wanachukua tukio ambalo aliyefanya ana kwake pa kulala.

Kuanzia 1999 hadi 2013 walifikisha matukio 1,437. Waliokufa 375. Mwaka 2013 peke yake matukio 109, vifo 18. Wafanyaji wengi ni wanaume walio chini ya miaka 30, na kundi kubwa kabisa ni wavulana wa umri wa sekondari. Wanaopigwa wengi wamepita 40. Yaani ni watoto wanawapiga watu wa umri wa baba zao.

Sasa linganisheni. Mwaka huohuo wa 2013, ripoti ya FBI kwa makundi yote yanayotambuliwa, rangi, dini na mengine yote yakijumlishwa, ilikuwa na mauaji matano ya chuki. Shirika lenye mkasi na magazeti lilipata 18 kwa kundi moja ambalo halimo kwenye orodha.

Naomba mchango wenu, hasa walioko nyumbani. Kwetu hesabu hii anayo nani?

---

Chumvi Kidogo

Siti ya mbele. Pole kwa huyo mzee.

---

Kamusi ya Kariakoo

Mkuu nakuheshimu lakini uzi wako una huruma ya upande mmoja. Njoo Kariakoo saa tatu usiku utembee na simu mkononi, halafu uje uhesabu. Hao unaowaita hawana makazi ndio wanaotukaba. Mbona hamna shirika la kuhesabu waliokabwa?

---

Zamu ya Usiku

Mkuu Kamusi, shirika la kuwahesabu waliokabwa lipo. Linaitwa polisi. Ukikabwa unaenda kituoni, unafungua jalada, kwenye takwimu za mwaka umo. Yule anayelala kwenye kibaraza cha duka akipigwa hata kituo haendi, kwa sababu akifika ataulizwa wewe unakaa wapi, na hapo kesi inageuka kuwa yake.

Na aliyekukaba wewe sidhani ni yule aliyelala. Ila hilo tuliache.

---

Wakili wa Mtaa wa Tatu

Naunga mkono hilo la "kesi inageuka kuwa yake", nalifafanua kidogo kwa sababu ni kazi yangu.

Kanuni yetu ya Adhabu ina vifungu vya 176 na 177, vya watu wazembe na wazururaji, urithi wa Mwingereza. Kuomba hadharani peke yake kunatosha kukuingiza humo. Kenya, Uganda, Malawi, nchi nyingi za Afrika zilirithi vitu hivihivi. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha vifungu vyao vya uzururaji.

Sasa fikiria. Sheria inamtambua mtu kama kosa kwanza, halafu unamtaka aje kulalamika kama mhanga. Anakuja na miguu gani?

Swali kwa mleta mada: hapo Maryland, jimbo ulipo mji wako wa Baltimore, si waliliingiza kundi hili kwenye sheria yao ya uhalifu wa chuki?

---

Zamu ya Usiku

Wakili umenishika pale pale ninapoumwa. Ndiyo. Maryland ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo, mwaka 2009, na Florida ikafuata 2010. Jambo la kushangaza, aliyeusukuma muswada wa Maryland, Alex Mooney, ni mhafidhina wa chama cha Republican, si mtu wa mrengo ambao ungemtarajia.

Kwa hiyo yule askari aliyeandika ugomvi alikuwa na sheria mfukoni. Alichokosa ni kuuliza maswali mawili: walisema nini walipokuwa wanapiga, na walichukua nini? Mzee alisikia vizuri walichosema, sitakiandika hapa. Hakuulizwa.

---

Otero Gikomba

Sasa nyinyi watu wa TZ, hebu niwaambie ya huku Nairobi.

Huku tunawaita chokoraa, na jina lenyewe ni la kuchokora takataka, so unaona heshima imeanzia wapi. Serikali iliwahi kuwahesabu 2018, street families zote nchi nzima: watu 46,639. Nairobi 15,337, Mombasa 7,529. Mimi nilifurahi nikadhani sasa mambo. Lakini hiyo ni hesabu ya vichwa buda. Wangapi walichapwa, wangapi walimwagiwa maji usiku na soja wa duka, wangapi kanjo (askari wa kaunti) waliwabeba na lori wakawatupa mbali, hiyo column haipo.

Na kutupwa si story ya jaba. Mwaka 2019 watoto na vijana wa mtaani walitolewa Nakuru wakaachwa msituni upande wa Baringo. Ilifika mpaka Seneti. Ilijulikana kwa sababu walipatikana na wanakijiji, na wanahabari wakafika. Je, kama hawangepatikana?

---

Kamusi ya Kariakoo

Hiyo ya msituni sikuijua. Hiyo si sawa hata kidogo.

Lakini bado nina hoja. Mleta mada amelinganisha 18 na 5. Huo ulinganisho una kasoro. FBI wanahesabu pale polisi wamethibitisha kwamba kilichosukuma ni chuki. Hao wa magazeti wanahesabu tukio lolote ambalo aliyefanya ana nyumba. Mtu anaweza kumpiga asiye na makazi kwa sababu ni rahisi kumpiga, hana mlango. Hiyo si chuki, hiyo ni urahisi. Mizani mbili tofauti halafu unasoma kilo moja.

---

Zamu ya Usiku

Kamusi, leo umenilipa. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na shirika lenyewe linaikubali waziwazi: ripoti zao zinasema matukio yanaaminika kusukumwa na chuki *au* na urahisi wa kumpata mhanga. Hawakuficha.

Mimi nilivyolifikiria usiku mrefu wa zamu (muda ninao): huo urahisi umetoka wapi? Kijana ana mji mzima wa kumpiga. Anamchagua yule kwa sababu anajua hakuna atakayemtafuta. Wewe unaita urahisi. Mimi naona ni chuki iliyokwisha kukubaliwa na kila mtu, mpaka anayeitumia hana haja ya kukasirika. Vijana wale walikuwa wanacheka.

Lakini nakubali, tarakimu mbili zile zisiwekwe kwenye sentensi moja bila maelezo. Nimekosea kwa hilo. Na hesabu ya magazeti ina ugonjwa mwingine: inapima gazeti kabla ya kupima tukio. Mji wenye gazeti zuri unaonekana katili, mji usio na mwandishi unaonekana wa malaika. Kwa hiyo 1,437 ni sakafu. Paa hakuna anayelijua.

---

Mama Wawili Hamburg

Habari zenu. Naongezea ya Ujerumani kidogo maana nimefanya kazi ya ustawi huku. Polisi wa hapa tangu 2001 wana kundi la "hadhi katika jamii" ndani ya uhalifu wa chuki, na asiye na makazi anaingia humo. Lakini shirika la huduma kwa wasio na makazi, BAG W, linaendelea kukusanya lake kutoka magazetini kama linavyofanya tangu 1989. Kisanduku kwenye fomu ya serikali hakikuwafanya waache mkasi. Nadhani hapo mleta mada una jibu lako la yule askari.

Wahispania wao walienda mbali zaidi, wakatafuta neno. Mwanafalsafa wao Adela Cortina aliunda *aporofobia*, kumchukia mtu kwa umaskini wake. Likaingia kamusini 2017, na 2021 likaingia kwenye sheria yao ya jinai. Na kabla ya sheria kubadilika, mradi mmoja wa mashirika ulikaa na watu 261 wanaolala nje, ukawauliza mmoja mmoja. Karibu nusu walishatendewa tukio la chuki.

---

Chumvi Kidogo

Kiswahili tunalo neno la hiyo kitu?

---

Mama Wawili Hamburg

Tunayo maneno mengi ya kumtukana maskini mwanangu, la kumshtaki anayemtukana ndilo sijalisikia.

---

Sista Wodi ya Majeruhi

Nimesoma kimya tangu mwanzo, ngoja niseme ninachokiona kazini. Hospitali siitaji, ni mojawapo ya za serikali, inatosha.

Mnazungumza polisi na magazeti. Mimi nawaambia hesabu iko kwetu, imelala kwenye madaftari. Mtu akija na jeraha la kupigwa tunatakiwa kumuuliza PF3, ile fomu ya polisi ya kuruhusu matibabu. Mwenye ndugu, ndugu anakimbia kituoni analeta. Huyu wa mtaani analetwa na bodaboda usiku, anashushwa, bodaboda anaondoka. Hana PF3, hana jina kamili, simu hana. Tunamtibu (msije mkasema tunawaacha, tunawatibu), na kwenye daftari tunaandika jeraha la kichwa, na chanzo tunaandika "kapigwa". Nani kampiga, akiwa wapi, kwa nini, daftari halina nafasi hiyo. Mwezi ukiisha tunapeleka idadi ya majeraha ya kichwa.

Wengine hawatoki. Mochwari wanaandikwa "mwanaume, hajulikani". Tangazo linatoka, siku zinapita, manispaa inazika. Ukichukua daftari la mochwari ukasoma wale wasiojulikana tu, ukaangalia sababu ya kifo, utapata uzi mwingine mrefu kuliko huu.

---

Zamu ya Usiku

Sista, shikamoo. Hayo uliyosema Brazil wameyafanya, ndiyo maana nimeruka kwenye kiti.

Wizara yao ya Afya ina fomu ambayo kituo cha afya kinajaza kila kinapompokea mtu aliyefanyiwa ukatili. Ndani ya fomu kuna swali la kilichosababisha, na mojawapo ya majibu ni kwamba mtu yule anaishi mtaani. Kwa miaka mitatu, 2015 hadi 2017, walipata taarifa 17,386 za namna hiyo. Na waliokuwa wanawake walizidi nusu kidogo.

Hapo tulieni. Hesabu za magazeti ya Marekani zinaonyesha wanaopigwa ni wanaume karibu wote. Hesabu ya hospitali za Brazil inaonyesha nusu ni wanawake. Nchi ni tofauti, sawa. Lakini mimi nashuku pia mwanamke anayelala nje akifanyiwa ubaya hafiki gazetini, ila akiumia sana anafika kwa nesi.

Na Brazil hawakufika hapo kwa wema. Julai 1993 walishuhudia watoto na vijana wanane wa mtaani wakiuawa kwa risasi Rio, jirani na kanisa la Candelária, na askari wakatiwa hatiani. Mwaka 1997 vijana wa familia za kitajiri walimchoma moto mtu aliyelala kituo cha basi Brasília. Alikuwa mwanaume wa kabila la Pataxó, amekuja mjini kwa mambo ya ardhi. Kujitetea kwao walisema walidhani ni ombaomba tu.

Walidhani hilo ni utetezi.

---

Kamusi ya Kariakoo

Duh.

---

Maman Neema wa Goma

Bandugu, huku kwetu tunawaita maibobo. Kinshasa kulikuwa na operesheni ya polisi mwisho wa 2013, inaitwa Likofi, maana yake ngumi. Walisema wanatafuta kuluna, majambazi wa mapanga. Human Rights Watch wakahesabu vijana wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliopotea, na kati yao kulikuwa watoto wa mtaani ambao si kuluna. Hao 51 walijulikana kwa sababu watu walikwenda kuuliza mama zao, majirani, na wale waliolala nao barabarani. Kama mungengoja polisi waandike, ingekuwa sifuri.

---

Otero Gikomba

Huku Kenya kuna mtandao wa mashirika unaitwa Missing Voices, wanahesabu waliouawa na polisi na waliopotezwa. Wanathibitisha moja moja, jina, mahali, tarehe. Model iko tayari. Ni kuongeza tu kama marehemu alikuwa analala wapi.

---

Wakili wa Mtaa wa Tatu

Na Tanzania msijidharau. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kila mwaka kinatoa ripoti yenye idadi ya waliouawa na wananchi wenye hasira kali. Kuhusu ndugu zetu wenye ualbino, shirika la Under The Same Sun liliweka kumbukumbu ya kila shambulio mpaka dunia ikashindwa kusema haijui. Kabla ya hapo ilikuwa "uvumi wa Kanda ya Ziwa".

Nauliza tu: kwenye hao wa hasira kali, wangapi kosa lao lilikuwa kuonekana wachafu alfajiri mtaa usio wao, mtu akapiga kelele ya mwizi?

---

Kamusi ya Kariakoo

Hilo nimewahi kuliona kwa macho, mwaka siusemi. Kijana alikuwa anakusanya chupa za plastiki. Gunia lilipomwagwa baadaye zilikuwa chupa tupu.

Mimi sikumpiga. Ila nilisimama.

---

Zamu ya Usiku

Asante kaka.

Wakuu, sitaki tuishie kwenye pole. Nimetengeneza jedwali la mtandaoni, kila mwenye taarifa ataniletea faragha. Safu nilizoweka: tarehe na saa. Mahali. Umri wa kukadiria na jinsia. Alikuwa anafanya nini wakati ule (amelala, anaomba, anaokota chupa, anapita). Aliyefanya: raia, mlinzi, mgambo, polisi, hajulikani. Kilichochukuliwa. Maneno yaliyosemwa, kama yalivyo, hata kama ni matusi, maana hapo ndipo chuki inapoonekana. Chanzo: umeona mwenyewe, umeambiwa, umesoma. Na kama aliyefanya naye ni wa mtaani tuandike, tusifute, tutachuja baadaye.

Tusichanganye na uvumi. Jina halisi la mtu yeyote lisiandikwe, awe mhanga au mfanyaji.

---

Sista Wodi ya Majeruhi

Marahaba. Mimi za wagonjwa sileti, kiapo ni kiapo. Ila ongeza safu mbili: "alipata matibabu wapi" na "alipata PF3". Hiyo ya pili utaona itakavyojaa *hapana*.

Na hilo la majina, nakuelewa, lakini wana majina yao ya mtaani. Tuliwahi kulaza mmoja wiki tatu "hajulikani", mpaka mtoto wa stendi alipokuja na chungwa akamuulizia kwa jina lake la stendi, nasi wote tukawa hatumjui anayemtaka. Weka nafasi ya hilo, hata kama hutalichapisha. Litasaidia mtu mmoja asihesabiwe mara mbili.

---

Otero Gikomba

Na lugha iwe free. Mtu akiandika chokoraa ama maibobo usimkatae, wewe pokea.

---

Zamu ya Usiku

Nimeongeza zote tatu. Mzee wangu wa hapa nimemuuliza jana kama nianze na lake. Akasema niandike, lakini nisiandike kwamba alikuwa amelewa, kwa sababu hakuwa amelewa. Basi mstari wa kwanza ni huo: saa tisa na robo usiku, amelala, vijana watatu, hakikuchukuliwa kitu.

---

Kamusi ya Kariakoo

Nimekutumia ya kwangu faragha. Ile ya chupa. Mwaka nimeuandika.